Kipimo cha Mzio cha Ngozi: Mwongozo Kamili Ili Usirudishwe Nyumbani Bila Majibu

Wiki iliyopita mama mmoja alifika kliniki saa nne asubuhi akitokea Morogoro, yeye na mwanawe wa darasa la pili. Walipanda basi la alfajiri. Fomu ya daktari ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya mkoba. Nilimchoma mtoto matone yote, naye akavumilia kiume. Baada ya dakika 15 mkono ulikuwa mtupu, hata pale penye tone la histamini, ambapo ngozi ya kila mtu inapaswa kuvimba.

Nikamuuliza mama kama mtoto amekunywa dawa yoyote. "Hapana dada, nilimwachisha zote kama mlivyosema." Nikauliza, na kikohozi je? Akatoa chupa mkobani. Kijiko kimoja tu, jana usiku, ili mtoto alale na safari isimsumbue. Nyuma ya chupa, kwa maandishi madogo, palikuwa na neno chlorpheniramine. Hiyo ni dawa ya mzio. Nauli, ada ya kipimo na siku nzima ya shule vikapotea.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ya kila siku ni kuchoma na kusoma mikono ya watu wanaotafuta kinachowasumbua. Kisa hiki hujirudia mno kwa sura tofauti. Kipimo chenyewe ni chepesi. Kinachoharibika huharibika nyumbani, katika siku saba kabla ya kufika kwetu, au baadaye pale mtu anaposoma majibu kwa haraka na kuanza kufuta vyakula mezani.

## Vitu vya kuandaa

- Fomu ya daktari aliyekuandikia kipimo, na majibu ya vipimo vya zamani kama yapo.
- Mfuko wenye dawa zako zote, pamoja na maboksi na chupa zake. Usitegemee kumbukumbu.
- Losheni, krimu na mafuta unayopaka mikononi na mgongoni, au picha za makopo yake.
- Daftari dogo na kalamu.
- Kalenda, au simu yenye kengele ya kukumbusha.
- Nguo ya mikono mifupi. Kwa mtoto mdogo, shati la vifungo, kwa sababu huenda tukamchomea mgongoni.
- Dawa ya kuvuta, kama una pumu.
- Chakula unachokishuku, ikiwa tu daktari ameomba ukilete.
- Mtu wa kukusindikiza, hasa kama umewahi kuzidiwa na mzio.
- Muda wa kama saa moja na nusu usio na haraka.

## Hatua ya 1: Hakikisha hiki ndicho kipimo unachokihitaji

Watu husema "nimeandikiwa kipimo cha ngozi" kana kwamba ni kimoja. Viko vitatu, na kila kimoja kina swali lake.

Kipimo cha kuchoma juu juu ndicho kinachohusika hasa katika mwongozo huu. Tone la kitu kinachoshukiwa huwekwa kwenye ngozi, kisha ngozi huchomwa kidogo kupitia tone hilo. Majibu hutoka siku hiyo hiyo. Kinafaa kwa mafua yasiyoisha, chafya, macho kuwasha, pumu, na chakula kinachosababisha dalili ndani ya dakika au saa chache baada ya kula.

Kipimo cha bandiko hutafuta mzio wa vitu vinavyogusa ngozi: madini ya nikeli kwenye hereni na vifungo vya mikanda, manukato, mpira, rangi za nywele. Mabandiko hukaa mgongoni saa 48 bila kuloweshwa, yakatolewa na kusomwa, kisha ngozi husomwa tena siku ya tatu au ya nne. Kama umewahi kupakwa piko harusini na siku chache baadaye maua yale yakavimba, yakatoa malengelenge na kuacha alama, hiki ndicho kipimo chako. Piko nyeusi ina kemikali ile ile ya rangi za nywele, inayofupishwa PPD. Kipimo cha kuchoma juu juu hakitakuambia lolote kuhusu hilo.

Kipimo cha kuingiza dawa ndani ya ngozi kwa sindano nyembamba hutumika zaidi kwa penisilini na sumu ya nyuki. Hufanyika hospitali yenye uwezo wa kumhudumia mtu akizidiwa. Hakitumiki kupima vyakula.

Mafanikio ya hatua hii ni kwamba unaweza kutaja jina la kipimo chako na swali ambalo daktari anataka lijibiwe. Kama huwezi, mrudie daktari umuulize kabla ya kulipa.

## Hatua ya 2: Jua kama una sababu ya kuahirisha

Piga simu kliniki kabla ya tarehe yako ikiwa lolote kati ya haya linakuhusu:

- Pumu haijatulia. Kama wiki hii unaamka usiku kwa kubanwa kifua, tunangoja itulie.
- Una mimba. Mara nyingi tunaahirisha hadi ujifungue. Tone lenyewe halimdhuru mtoto. Tunachohofia ni ukipata mzio mkali.
- Umezidiwa na mzio mkali hivi karibuni. Baada ya tukio kama hilo ngozi huchoka kwa muda na inaweza kutoa majibu ya uongo. Tunangoja wiki 4 hadi 6.
- Ngozi ya mikono na mgongo imejaa ukurutu au mabaka yanayovimba. Hatuna mahali safi pa kuchoma.
- Unatumia dawa ya presha au ya moyo ya kundi la atenolol, propranolol, bisoprolol au carvedilol. Usiiache mwenyewe. Tuambie tu. Dawa hizi hufanya adrenalini, yaani sindano ya kumwokoa mtu mwenye mzio mkali, isifanye kazi vizuri mtu akizidiwa, kwa hiyo daktari ndiye anayeamua.

Katika simu hiyo hiyo uliza maswali mawili zaidi: matone yenu ni ya vitu gani, na je, adrenalini iko chumbani mnamopimia? Kwa mtu wa ukanda wetu, orodha isiyo na utitiri wa vumbi (vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi magodoroni) na mende ina pengo kubwa. Uliza pia kama wana utitiri wa nchi za joto unaoitwa Blomia tropicalis, kwa sababu seti nyingi hutengenezwa Ulaya zikiwa na wale wa huko tu. Ukijibiwa kuwa adrenalini haipo, usiende. Mtu kupata mzio wa mwili mzima kwa kipimo hiki ni nadra sana, chini ya mmoja kwa kila watu 1,000, lakini akiupata dawa yake ni hiyo, na inatakiwa wakati ule ule.

## Hatua ya 3: Pekua dawa zako, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Tunapochoma ngozi, kama una mzio wa kitu kilichomo kwenye tone, chembe fulani za kinga humwaga histamini. Histamini ndiyo inayovimbisha. Dawa za mzio hufunga mlango wa histamini. Kama dawa ingali mwilini, ngozi haitavimba hata kama una mzio mkali wa kitu hicho, nawe utaondoka ukiambiwa huna mzio.

Mwaga mfuko wako wa dawa mezani. Soma maandishi madogo ya kila boksi. Majina nayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili uyatambue.

Ziachwe siku 7 kamili: cetirizine, levocetirizine, loratadine, desloratadine, fexofenadine, chlorpheniramine (ndiyo Piriton), promethazine (ndiyo Phenergan) na diphenhydramine. Nyingine kati ya hizi hutoka mwilini mapema zaidi, lakini ukihesabu saba kwa zote hutakosea.

Muulize daktari siku zake: ketotifen na hydroxyzine. Hizi zinaweza kukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kliniki nyingine huomba wiki mbili kwa ketotifen.

Zinazojificha: dawa za kikohozi, vidonge vya mafua vyenye dawa mbili tatu ndani ya kidonge kimoja, dawa za kichefuchefu cha safari, na vidonge vya usingizi vinavyouzwa bila cheti. Nyingi zina chlorpheniramine, promethazine au diphenhydramine. Kidonge cha mafua ulichopewa dukani kikiwa kimefungwa kwenye kikaratasi, bila jina, kihesabu kuwa ni dawa ya mzio.

Dawa za vidonda vya tumbo za aina ya famotidine na ranitidine nazo hupunguza uvimbe kidogo. Siku mbili zinatosha. Omeprazole haina shida.

Amitriptyline, ambayo wengi hupewa kwa maumivu ya mishipa, kipandauso au sonona, huzima ngozi kabisa kwa wiki moja au zaidi. Usiiache mwenyewe. Aliyekuandikia aamue. Akikataa, omba kipimo cha damu cha IgE (kingamwili inayohusika na mzio) ya kitu mahsusi, ambacho hakivurugwi na dawa hizi.

Zinazoendelea kama kawaida: dawa za pumu za kuvuta, montelukast, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi kama fluticasone, mometasone au beclomethasone, dawa za kisukari, za ukimwi, za malaria, za minyoo, panadol. Kila mwezi napokea mtu aliyeacha dawa ya pumu "ili kipimo kitoke vizuri", akafika anapumua kwa shida. Huyo hatumpimi. Tunamtibu kwanza.

Namna ya kuhesabu: tuseme kipimo ni Jumatano. Kidonge cha mwisho unakimeza Jumanne ya wiki iliyotangulia, usiku. Kuanzia Jumatano hiyo hadi Jumanne ni siku saba bila dawa. Weka kengele ya simu siku ya kuacha, andika kwenye kalenda, na uwaambie wote nyumbani. Narudia: wote nyumbani. Bibi anayempa mjukuu dawa ya mafua kwa huruma hajui kwamba kuna kipimo.

Siku hizo saba utaishije? Safisha pua kwa maji ya chumvi, endelea na dawa ya kupuliza puani, epuka kufagia vumbi. Wengi huvumilia. Lakini kama uso unavimba, kifua kinabana au mabaka yanaenea mwilini, meza dawa, nenda hospitali na utupigie tubadilishe tarehe. Kipimo hiki si cha dharura.

Umefanikiwa hapa ikiwa daftarini mwako kila dawa ina jina, siku ya mwisho ulipoimeza, na neno "imeachwa" au "inaendelea".

## Hatua ya 4: Ilinde ngozi itakayochomwa

Hili ni gumu kuliongelea, nami naliongea kwa upendo. Krimu za kung'arisha ngozi, hasa mkorogo unaochanganywa mtaani, mara nyingi zina steroidi kali kama clobetasol. Steroidi ikipakwa mahali kwa muda mrefu hupunguza chembe zile zinazomwaga histamini. Tukichoma hapo hapavimbi, au pakivimba panakuwa padogo kuliko ukweli.

Acha kupaka krimu yoyote ya steroidi kwenye mikono ya mbele na mgongoni kwa wiki tatu kabla ya kipimo, hata ile uliyoandikiwa kwa ukurutu. Sehemu nyingine za mwili endelea kama daktari alivyosema. Kama huwezi kuacha, tuambie ni wapi hupaki, tutatafuta mahali hapo. Hakuna atakayekuhukumu. Mwanamke mmoja aliniambia ukweli akiwa ameinamisha kichwa. Tukamchomea sehemu ya mgongo ambayo mkono wake haufiki kupaka, na majibu yakatoka safi kabisa.

Siku ya kipimo usipake chochote mikononi. Tone likiwekwa juu ya mafuta huteleza na kuchanganyika na jirani yake.

## Hatua ya 5: Andika dalili zako kabla hujachomwa

Kwa wiki moja au mbili, andika kila siku mistari mitatu: dalili gani, saa ngapi, ulikuwa wapi au ulikula nini. Usiandike "mafua". Andika "chafya kumi mfululizo saa 12 asubuhi nikitandika kitanda". Usiandike "samaki wananidhuru". Andika "kamba wa nazi, dakika 20, midomo ikawasha na kuvimba, pweza wiki iliyopita sikuona kitu".

Sababu ni kwamba daktari anachagua matone kutokana na maelezo haya, na mwishoni majibu yatapimwa kwa maelezo haya haya. Mtu asiye na historia anayepimwa vitu 40 kwa pamoja ataondoka na orodha ndefu ya vitu "alivyo na mzio navyo", vingi vyake visivyo na maana yoyote.

Onyo moja: usijipime nyumbani kwa kukwangua ngozi na kupaka karanga, yai au maziwa. Watu hufanya hivyo. Ukizidiwa ukiwa sebuleni hakuna adrenalini.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kula kama kawaida, huhitaji kufunga. Oga, usipake mafuta. Njoo na mfuko wako wa dawa. Ukifika, kabla hujaulizwa, sema ulimeza dawa gani mara ya mwisho na lini, na kama leo umekohoa, una homa au kifua kimebana.

## Hatua ya 7: Kuchomwa

Utalaza mkono mezani, upande wa ndani ukiangalia juu. Tunasafisha kwa spiriti na kuacha pakauke. Kisha tunaandika namba kwa kalamu, kila moja mbali na nyingine kwa sentimita 2 au zaidi, bila kukaribia kifundo cha mkono wala mkunjo wa kiwiko.

Chupa za matone hutoka kwenye friji, kwa sababu zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Una haki ya kuuliza tarehe ya mwisho wa matumizi, na kuuliza kliniki inafanyaje umeme ukikatika. Tone lililoharibika kwa joto halivimbishi mtu.

Kisha huja kijisindano chenye ncha ya milimita 1. Kinapita kwenye tone na kugusa tabaka la juu la ngozi. Utahisi kama umekwaruzwa na ukucha. Damu haipaswi kutoka. Kila tone lina kijisindano chake. Ukiona kimoja kinatumika kwa matone mawili, sema hapo hapo, kwa sababu mabaki ya tone la kwanza yanaingia kwenye la pili na majibu yanachanganyika. Baadaye matone hukaushwa kwa karatasi laini kwa kubonyeza tu, bila kufuta.

Kama ni chakula kibichi ulichokuja nacho, tunda au kamba kwa mfano, kijisindano kinachomwa kwanza kwenye chakula, kisha kwenye ngozi yako.

Katika matone hayo, mawili si ya mzio. Yafahamu, maana ndiyo yanayoamua kama kipimo chako ni halali:

Tone la histamini. Lazima livimbe. Lisipovimba, kuna dawa mwilini au ngozi imezimwa na krimu, na majibu yote ya "hakuna" hayafai.

Tone la maji ya chumvi. Lisivimbe. Likivimba, ngozi yako ni ya kuvimba kwa kuguswa tu. Watu wa hivi wapo; ukiandika kwa ukucha mgongoni mwao maandishi yanainuka. Kwao majibu ya "ndiyo" yanahitaji uangalifu mkubwa.

## Hatua ya 8: Dakika 15 za kusubiri

Kaa hapo. Usijikune, hata kama panawasha kama siafu wamekupanda. Usishushe mkono wa shati juu ya alama. Usitoke kwenda kununua maji.

Mwite muuguzi mara moja ukihisi koo linabana, sauti inakwama, kifua kinabana, kizunguzungu, tumbo linasokota, au mwili unawasha mbali na mkono. Usione aibu kwamba utasumbua. Tunataka kusumbuliwa mapema.

## Hatua ya 9: Kusomwa kwa mkono wako

Kinachopimwa ni kivimbe, yaani ule mwinuko kama wa kuumwa na mbu. Wekundu unaouzunguka haupimwi.

Kwenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito wa pekee. Picha nyingi za kufundishia zinaonyesha ngozi nyeupe yenye duara jekundu linaloonekana toka mlangoni. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani kirahisi, na asiyezoea huangalia mara moja akasema hakuna kitu. Mimi huzima taa ya juu, nikawasha tochi ya simu na kuilaza pembeni ya mkono, karibu sawa na ngozi. Kivimbe hutupa kivuli chake. Kisha nafumba macho na kupitisha ncha ya kidole taratibu: kingo zake hujitokeza, ngumu kidogo, kama sarafu ndogo iliyofichwa chini ya kitambaa. Nafuata ukingo huo kwa kalamu, nabandika selotepu juu ya mchoro, naibandua na kuihamishia kwenye karatasi. Umbo la kivimbe chako linabaki kwenye faili lako.

Ukiona anayesoma anatazama tu kwa mbali, mwombe kwa adabu: "Dada, naomba ukishike kwa kidole." Ni ombi la haki.

Kipimo huchukuliwa kwa rula, kwa milimita. Kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa "ndiyo". Omba karatasi iandikwe milimita zenyewe, badala ya alama za kujumlisha mbili au tatu. Daktari mwingine akizisoma mwakani, milimita zitabaki milimita. Alama za kujumlisha kila kliniki ina zake.

Karatasi nzuri inafanana na hii: maji ya chumvi 0, histamini 5, utitiri wa vumbi 8, mende 4, chavua ya mahindi 1, paka 0. Hapo kipimo ni halali, utitiri na mende ni "ndiyo", mahindi na paka ni "hapana".

## Hatua ya 10: Kuyaelewa majibu

"Ndiyo" kwenye ngozi ina maana kwamba kinga yako inakitambua kitu hicho. Haina maana kwamba kitu hicho kinakuumiza. Mzio unathibitika pale kivimbe na historia yako vinapokubaliana.

Mtoto anakula karanga kila wiki, hana shida, kipimo kinaonyesha karanga 4. Huyo hana mzio wa karanga. Aendelee kula. Nimeona watoto walioondolewa maziwa, mayai, samaki na karanga kwa pamoja kwa sababu ya karatasi moja, wakakonda. Na kuna hatari nyingine: mtoto mwenye ukurutu akikatishwa chakula alichokuwa anakivumilia, mwili unaweza kukikataa kwa ukali siku atakapokirudia. Usifute chakula chochote kabla ya kuongea na daktari.

Mfano wa pili ni wa watu wa pwani. Nyama ya kamba, utitiri na mende vinafanana kwa protini moja inayoitwa tropomiosini. Mtu mwenye mzio wa utitiri anaweza kuvimba kwenye tone la kamba ingawa amekula kamba maisha yake yote bila kuwashwa. Daftari lako la Hatua ya 5 ndilo linalomwokoa huyu na kitoweo chake.

Ukubwa wa kivimbe nao huwachanganya watu. Kivimbe cha milimita 10 kinaongeza uwezekano kwamba mzio ni wa kweli. Hakisemi kwamba utazidiwa zaidi ya mwenye milimita 5.

"Hapana" kwa upande wake huaminika sana, hasa kwa vyakula, mradi histamini ilivimba. Ila kama ulishawahi kuzidiwa na chakula hicho na kipimo kinasema hapana, usijaribu kukila nyumbani. Jaribio la kula hufanyika hospitali, kidogo kidogo, chini ya uangalizi.

Neno kuhusu kipimo cha damu. IgE ya jumla isikutishe wala kukutuliza. Minyoo huipandisha, na kwetu minyoo ni mingi. Inayofaa ni IgE ya kitu mahsusi. Vipimo vya IgG (kingamwili ya aina nyingine) ya vyakula vinavyouzwa kwa bei kubwa havitambui mzio, hata karatasi yake ikiwa na rangi nzuri kiasi gani.

## Baada ya kipimo

Unaweza kurudia dawa zako za mzio siku hiyo hiyo tukishamaliza kusoma. Vivimbe hupungua ndani ya saa chache. Mtu mwingine huvimba upya jioni au kesho yake pale pale palipochomwa. Hiyo haihesabiwi kwenye majibu, na hupoa kwa siku moja au mbili. Piga picha karatasi yako, uihifadhi.

Ikiwa ni utitiri, kazi inaanza chumbani: foronya na mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, godoro livikwe kifuniko kisichopitisha vumbi, midoli ya manyoya iondoke kitandani. Kuanika godoro juani kunasaidia kulikausha, lakini peke yake hakutoshi.

## Ukiambiwa majibu hayasomeki

Usikubali kurudia seti nzima hapo kwa hapo. Uliza dawa gani ilikuwa mwilini, hesabu siku saba upya, na siku ya kurudi omba muuguzi aanze na matone mawili tu, histamini na maji ya chumvi. Histamini huvimba ndani ya dakika 10. Ikivimba, endeleeni na mengine. Isipovimba, mnasimama hapo, na matone ya bei hayajafunguliwa.

Yule mama wa Morogoro tumempangia Alhamisi ya wiki ijayo. Tutaanza na matone hayo mawili.